Rayhana na Zawadi ya Maharusi

Wamesimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika mji mmoja wa misafara alikuwepo amiri mcha Mungu aliyehuzunishwa na uchache wa ndoa. Vijana wa mji ule walikuwa wakiota mvi bila kuoa. Basi akaamuru kwamba kila atakayefunga akdi mwaka ule apewe kutoka Baitul-Mali, hazina ya mji, chumba cha kukaa, godoro na mbuzi wa maziwa. Nia ilikuwa njema. Lakini mbuzi wa bure ana mambo yake, na walikuwepo walioposa asubuhi, wakaoa adhuhuri, wasijue hata jina la baba mkwe.

Hapo mjini alikuwepo Bi Rayhana, mke wa Shuaibu, mshona matandiko ya ngamia. Walikuwa wameishi pamoja miaka ishirini na miwili. Hawakujaaliwa mtoto, lakini walijaaliwa kuelewana, na hilo si dogo. Mwaka ule mvua ikaibomoa nyumba yao, wakahamia dukani, wakawa wanalala baina ya ngozi mbichi na marundo ya sufi. Rayhana akashikwa na kikohozi kisichomwachia. Shuaibu akaenda Baitul-Mali kuomba msaada, na karani akamjibu, "Fungu la mwaka huu ni la maharusi, bwana. Wewe umeshaoa."

Akarudi kwa mkewe na shauri lake. "Nitakuacha talaka moja. Eda ikiisha tunafunga akdi mpya, tunapewa chumba. Kwani tutakuwa tumemdhulumu nani?"

Rayhana hakulipenda neno lile hata kidogo. Lakini kifua kilimbana, na mumewe alikuwa akimtazama kwa huruma, naye akakubali. Shuaibu akatamka talaka. Miezi mitatu wakalala pande mbili za duka, katikati wametundika ngozi, wakitaniana kama wachumba.

Eda ilipotimia wakaenda kwa Kadhi Nuumani, pamoja na kaka yake Rayhana aliyekuwa walii wake. Kadhi alikuwa na ada ya kuwafunza watu kabla ya akdi, maana aliwajua watu wake. Akasema, "Talaka ni tatu. Mume akimrejea mkewe, mke hurudi, lakini talaka ile imeshahesabiwa. Na baada ya talaka ya tatu hana njia ya kumrejea, wala hamuoi tena mpaka kwanza mwanamke aolewe na mume mwengine, ndoa ya kweli, kisha waachane kwa hiari yao wenyewe."

Rayhana akaanza kuhesabu moyoni. Mwaka wa kwanza wa ndoa yao Shuaibu alimwacha kwa hasira, akamrejea kesho yake. Mwaka Shuaibu alipofiwa na baba yake alimwacha tena, akamrejea jua halijachwa. Wote wawili waliamini kwamba rejea huifuta talaka, kama maji yanavyofuta wino kwenye ubao wa chuo cha Kurani.

"Talaka uliyompa ilikuwa ya ngapi?" akauliza Kadhi.

Shuaibu alikuwa amebadilika rangi. "Ya kwanza, ewe Sheikh."

"Nawe bibi, washuhudia hivyo?"

Rayhana akamtazama mumewe. Katika maisha yao hakuwahi kumsikia akisema uongo, na alijua uongo ule umetoka kwenye mapenzi. Akasema kwa sauti ndogo, "Ewe Sheikh, ilikuwa ya tatu."

"Rayhana!" Shuaibu akalia. "Siku zile tulikuwa wawili tu chumbani!"

"Hatukuwa wawili, Shuaibu. Mola wetu alikuwa akisikia."

Kadhi akaweka kalamu chini, na machozi yakamtoka. Rayhana alimpenda mume yule kuliko chumba na kuliko afya yake. Akatoka kwa mlango mmoja na kaka yake, na Shuaibu akatoka kwa mlango mwingine, uso ameufunika kwa kilemba.

Habari zikamfikia Amiri, akamwita Rayhana. "Nilitaka kuongeza ndoa, bibi," akamwambia. "Ningejuaje?"

"Yangu ilikuwepo, ewe Amiri," akajibu Rayhana. "Ilikosa paa tu."

Amiri akamwita karani wa Baitul-Mali. Wiki ile ile akaamuru fungu lile lifunguliwe kwa kila aliyebomokewa na nyumba, asiulizwe ana mke au hana. Chumba cha kwanza akapewa Rayhana. Akakipokea, akashukuru, kisha akaomba cha pili apewe Shuaibu, kwa sababu bado alikuwa akilala dukani.

Ndugu zangu, wapo wanaosema Amiri alikosea kutoa, na wapo wanaosema alitoa vizuri akakosea kuuliza nani ana mke na nani hana. Mimi sina ugomvi na yeyote kati yao. Kinachonishika ni kwamba bibi yule alitakiwa kusema neno moja tu, "Ndiyo," na usiku ule angelala juu ya godoro jipya pamoja na mtu ampendaye, wala hapana mja ambaye angejua. Hakulisema. Mwenyezi Mungu amrehemu, na sisi atusamehe yale tuliyoyasema kwa vitu vidogo kuliko hivyo.