Magoti ya Mzee Kiboko

Hapo zamani za kale, lakini si kale mno, watoto wangu, maana magari yalikuwa yamekwisha kuingia porini na adabu imeanza kutoka, aliishi Mama Nguchiro na mwanawe Tindo. Kila asubuhi walikwenda shule kwa miguu, kwa njia ya vumbi kando ya bwawa, pamoja na watoto wa digidigi na wa pimbi.

Jirani wa shule hiyo alikuwa Mzee Kiboko. Jirani kwelikweli: akipiga chafya sebuleni, walimu darasani humwitikia "Afya." Hata hivyo, kila asubuhi alimpakia mtoto wake kwenye gari kubwa kama ghala, akapiga honi, piii, piii, mpaka getini. Rafiki yake Faru naye vivyo hivyo. Magari hayo mawili yakikutana mbele ya geti, hapapiti hata sisimizi.

Siku moja Kiboko alirudisha gari nyuma bila kutazama. Tindo akaruka kujiokoa na, chubwi, akatua mtaroni. Alipoopolewa alikuwa tope tupu, mguu umeteguka.

Mama Nguchiro akaenda dirishani mwa gari. Sauti aliishusha.

"Shikamoo, mzee. Nusura uniulie mtoto."

"Marahaba," Kiboko akajibu huku akipiga miayo. "Barabara ni ya magari, mama. Watembea kwa miguu watafute vichaka."

"Nyumba yako si ile pale, mzee? Kwa nini usimlete mtoto kwa miguu?"

"Mimi? Mkubwa mzima nionekane natembea? Wanyama watasemaje?"

Mama Nguchiro akambeba mwanawe mgongoni, akashika njia. Alikuwa na hasira za kutaka kung'ata matairi. Lakini yale maneno ya mwisho yalimganda kichwani. Wanyama watasemaje. Kumbe bwana mkubwa naye alikuwa na kitu anachokiogopa.

Kesho yake alisimama getini mapema. Gari la Kiboko lilipofika, akainamisha kichwa kama aliye matangani.

"Pole sana, mzee. Magoti yanaendeleaje?"

"Magoti gani?"

"Basi, tusiyaseme mbele ya mtoto."

Akamgeukia Faru, ambaye gari lake lilikuwa limefika nyuma. "Na wewe pole kwa kiuno, baba."

Kando yao alikuwa Bi Kanga, ambaye kinywa chake hakikuwa na mlango. Akamvuta Mama Nguchiro pembeni.

"Shoga, kwani Mzee Kiboko anaumwa?"

"Mimi si mganga, Bi Kanga. Lakini nyumba ile pale, shule hii hapa, na bado anabebwa. Wewe ungefikirije?"

Bi Kanga hakungoja la pili. Kufika adhuhuri habari ilikuwa imelizunguka bwawa, na kila ilipopita ilinenepa. Magoti yakawa uti wa mgongo, uti wa mgongo ukawa kupooza.

Jioni Kiboko akasikia hodi. Swala kaleta uji. Kobe kaleta mafuta ya kuchulia. Nyani hakuleta kitu, kaja kutazama.

"Sina ugonjwa wowote," Kiboko akanguruma.

"Ndivyo wasemavyo wote," Kobe akamjibu kwa upole, akiendelea kumchua.

Nyani akakohoa. "Keshokutwa tulitaka kukuchagua mwenyekiti wa bwawa, mzee. Lakini afya kwanza. Tutampa Mamba."

Usiku ule Kiboko hakupata usingizi.

Asubuhi ardhi ilitikisika, puu, puu, puu. Kiboko huyo, kwa miguu, jasho linamtiririka, kamshika mtoto wake mkono. Mtoto alikuwa na furaha tele. Hakuwahi kujua kwamba njiani kuna vyura. Nyuma yao akaja Faru juu ya baiskeli, kwichi, kwichi, tandiko lote limemezwa na makalio, na kiuno kakinyoosha wazi ili kila mtu akione kilivyo kizima. Barabara ilikuwa nyeupe. Tindo alipita katikati yake akichechemea, hakuna aliyempigia honi.

Kiboko akasimama mbele ya Mama Nguchiro, anahema.

"Hebu niambie, mama. Ni nani hasa aliyesema kwamba naumwa?"

"Hakuna, mzee. Mimi nilikujulia hali tu."

Kiboko akaikumbuka ile pole ya getini. Akaelewa. Alitamani kunguruma, lakini geti lilijaa macho, na Bi Kanga alikuwa amekwisha kunyoosha shingo. Basi akatabasamu kwa meno yote.

"Magoti hayajambo," akasema.

"Alhamdulillahi. Kesho uyalete tena tuyaone."

Mwenye kuringia kubebwa usigombane naye, mpe pole, atashuka mwenyewe.