Dau la Kunyamaza Kisimani

Wametusimulia waliotutangulia, Allah awarehemu, kwamba katika nchi moja kavu walikuwako wachimba visima wawili, Labidi na Ghanimu, waliopendana tangu utotoni. Ghanimu alishuka shimoni kuchimba. Labidi alibaki juu akivuta ndoo za udongo. Nao walikuwa na ada waliyorithi kwa walimu wao wa kazi: kila ndoo ilipopanda, wa chini alitamka "Subhanallah," na wa juu akaitikia "Walhamdulillah." Ilikuwa dhikri, na ilikuwa pia ulinzi. Chini kabisa hewa huweza kuharibika, na mtu asiyesikika huenda hapumui.

Wote wawili walikuwa mabingwa wa porojo. Asubuhi moja Safura, mkewe Ghanimu, aliwafungia mikate huku akicheka. "Nyinyi mkinyamaza siku moja tu, mbuzi wangu atapanda mimbari asome khutba!"

Walipofika kisimani Ghanimu akasema, "Umesikia tulivyokashifiwa na shemeji yako?"

"Kasema kweli. Ulimi wako wewe hata usingizini haulali."

"Mimi? Basi tuwekeane dau! Tangu sasa mpaka magharibi. Atakayetoa neno kwanza atapanda punda kinyumenyume, alipite soko zima." Kisha akasita. "Na dhikri ya ndoo, ndugu yangu?"

Labidi aliona kwamba akifungua mdomo hata kwa dhikri, porojo itamponyoka naye atashindwa mapema. "Isome moyoni," akasema. "Mola anasikia hata ya moyoni."

Ndoo saba zilipanda kimya. Ghanimu alimkunjia uso kutoka chini kama nyani, na Labidi akajiziba mdomo asicheke. Ndoo ya nane haikupanda. Labidi akatikisa kamba, isijibiwe. Ananitega huyu, akawaza, anataka nimwite. Akaketi ukingoni akala mkate wake taratibu, akijiona mjanja.

Alipotikisa kamba mara ya tatu bila jibu, akautupa mkate akainamia shimo.

"Ghanimu!" akapiga kelele. "Umeshinda! Nimesema mimi, punda nitampanda mimi! Nijibu!"

Akateremsha taa, ikazimika kabla ya kufika chini. Watu walikuja mbio na kulabu, wakamvuta Ghanimu juu. Alikuwa amekwisha kata roho.

Wakamzika. Wengi walimpa Labidi mkono wa pole na kumsifu kwa jinsi alivyomlilia mwenzake. Lakini mchunga mbuzi mmoja, aliyekuwa karibu na kisima siku ile, alisema asubuhi nzima hakumsikia Ghanimu akimtaja Mola wake hata mara moja. Neno likaenea: mtu yule ulimi wake ulifungwa saa ya mwisho, bila shaka alikuwa na dhambi ya siri.

Kelele za Labidi kisimani hakuna aliyezielewa; habari ya dau hakuijua mtu ila yeye na marehemu. Nafsi ilimwambia, "Kusema hakumfufui." Siku mbili akaitii nafsi yake. Siku ya tatu, matangani, alisikia mnong'ono ule ukipita mlangoni, akamwona Safura anainamisha kichwa kama mwenye aibu.

Labidi akasimama mbele ya watu wote. "Ghanimu hakufungwa ulimi," alisema. "Tuliwekeana dau la kunyamaza. Yeye aliiulizia dhikri, mimi nikamwambia aisome moyoni. Naye alipokuwa anakufa, mimi nilikuwa nakula mkate."

Safura akainua kichwa akamtazama.

"Labidi," akasema, asimwite tena shemeji, "mume wangu umemuua kwa mchezo. Msamaha leo sinao, na sijui kama nitaupata. Lakini siku tatu hizi nimekuwa nikimwogopea kaburini. Leo nitalala."

Labidi akafunga saumu miezi miwili mfululizo, kafara ya kuua bila kukusudia, na hakuna mchimbaji aliyemtaka tena amshikie kamba. Alilipokea hilo bila kulalamika mpaka mwisho wa umri wake.

Ndugu zangu katika imani, tunafundishwa kwamba kunyamaza ni hekima, na ni kweli. Lakini liko neno ambalo uhai wa mwenzako au heshima yake imelitegemea. Neno hilo si letu kulificha, hata kama likitoka litatuvunja sisi wenyewe. Allah atujaalie tuliseme mapema.