Mkono wa Kumvisha Mwanjaa Mabawa

Hapo zamani, na sisemi zamani ile ya sungura kuvaa suruali, nasema zamani ya juzi tu, redio zinaimba na umeme unakatika, palikuwa na binti Korogwe akiitwa Mwanjaa. Mama yake alimzaa mwaka wa njaa, akafa mwaka wa shibe. Dunia haina adabu. Akalelewa na shangazi yake, Bi Mwantumu, mkaanga vitumbua sokoni. Baba? Baba alikuwepo, kama mwiba wa samaki ulivyopo kwenye sahani. Tumwache.

Mwanjaa alisoma mpaka kidato cha sita. Hesabu alizitafuna, fizikia akaimeza, halafu akarudi kukaa nyuma ya chuma cha vitumbua kama mtu aliyeenda shule kunywa maji.

Asubuhi moja redio ikasema: shirika la ndege linatafuta vijana wanane wa kufundishwa urubani tangu alifu. Watakaoomba watachujwa kwa mitihani, kwa mashine, kwa daktari na kwa maswali ya ana kwa ana. Mwanjaa akageuza kitumbua, akasema kwa sauti ndogo, "Mimi nataka."

Watu watatu walimsikia.

Shangazi akasema, "Unataka nini? Geuza na hicho cha pembeni, kinaungua."

Wa pili alikuwa Mihambo, muuza mkaa wa kibanda cha jirani. Mihambo ni Mnyamwezi, na akina Mwanjaa ni Wazigua, kwa hiyo ni watani. Mtani ana ruhusa ya kukutukana mpaka ukoo wako, na wewe huna ruhusa ya kununa. Ukinuna, unatoa jogoo. Mihambo akacheka meno yote nje. "Rubani? Kwa masikio hayo unataka ndege ya nini? Yapunge tu, utafika."

Wa tatu alikuwa Mjomba Semboja, kaka wa marehemu mama yake, aliyekuja kula vitumbua vya bure. Yeye aliweka kikombe chini. Akasimama. "Mpwa wangu ataruka," akasema, na machozi yakamtoka palepale mbele ya wateja.

Mjomba, mjue, alikuwa mtaalamu wa ndege. Aliwahi kupakia mizigo uwanjani miezi minane, na siku moja rubani alimwomba kiberiti. Tangu hapo hakuna jambo la angani lisilompitia.

Basi Mjomba akauza baiskeli yake, akamlipia Mwanjaa vyeti na fomu na nauli. Kisha akaanza kumwandaa.

"Rubani haogopi juu," akasema. Akampandisha kwenye tangi la maji la mji, akamkalisha huko tangu asubuhi hadi adhuhuri, yeye chini akipiga kelele, "Usishike! Rubani hashiki kitu!"

"Rubani hasikii kizunguzungu," akasema. Akamtia ndani ya tairi la lori, akalisukuma mteremkoni. Mwanjaa alitapika mpaka chai ya jana. Mjomba akaandika kwenye daftari: ametapika mara mbili, maendeleo mazuri.

"Rubani ana macho ya mwewe," akasema. Akamlisha karoti. Karoti asubuhi, karoti mchana, karoti jioni, mwezi mzima na nusu.

"Rubani hulala amekaa," akasema. Hapo Mwanjaa alidanganya. Mjomba akiondoka, alijilaza.

Lakini kila asubuhi, kabla ya tangi na kabla ya tairi, Mwanjaa alikuwa kwenye vitumbua. Kile chuma kina mashimo saba, na hayaivi pamoja, kwa sababu jiko halina haki. Hili mafuta yamechemka, lile unga umetiwa sasa hivi, lile la ukingoni linataka kugeuzwa. Shangazi alikuwa na kijiti, na kijiti hicho hakikuwa cha kugeuzia tu.

"Jicho lisikae!" anamchapa kwenye kifundo cha mkono. "Ukikitazama kimoja, sita vinaungua. Pita! Pita! Huyo mteja kasema ngapi?"

"Vinne, shangazi."

"Na yule?"

"Sita, na chai ya rangi."

"Na kipi kinaungua?"

"Hakuna."

"Kitaungua sasa hivi, unanitazama mimi!"

Na Mihambo naye, kwenye mkaa wake, hakupumzika. "Mwanjaa, ndege ikikuona itarudi yenyewe kwenye yai." "Mwanjaa, kwa miguu hiyo utakanyaga breki za ndege mbili." "Mwanjaa, abiria watashuka hukohuko juu, bora mawingu." Miezi ya mwanzo alinuna, akatoa majogoo matatu. Mihambo akayala kwa pilau, na mifupa akamletea aione. Baadaye Mwanjaa akaacha kununa. Akajifunza kumjibu huku mkono wake haukosi shimo.

Barua ya kuitwa ikaja kwa sanduku la posta la Shangazi. Bi Mwantumu akaisoma akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa amekaa, kisha akaitia chini ya debe la unga. Siku nne. Mjomba, aliyekuwa akienda posta kila siku kama mtu aliyeposa huko, akaambiwa barua imeshachukuliwa. Alifika sokoni kofia imepinda.

"Mwantumu! Barua ya mtoto iko wapi?"

"Kumbe hii?" Shangazi akainua debe. "Nilidhani ni ya umeme."

Mwanjaa alimtazama shangazi yake, naye akageuza uso, akaanza kukaanga bila unga. Ilikuwa imebaki siku moja. Waliwahi basi la mwisho, yeye na Mjomba, na karoti kwenye mfuko.

Walioitwa walikuwa mia na zaidi. Wengine wametoka na vitabu vinene, wengine nyumbani kwao wana kompyuta za kuchezea ndege. Mtihani wa hesabu ulipita. Kisha ukaja wa mashine. Mbele yake kioo chenye saa sita za vipimo, kila mshale unateleza kwa wakati wake. Mkono huu una usukani, mkono ule una vitufe, na masikioni mtu anataja namba ambazo lazima uzijibu. Kijana wa kushoto aliukazia macho mshale mmoja, akaunyoosha ukanyooka, ile mingine mitano ikaenda zake. Mwanjaa akatazama kioo. Akaona vitumbua. Tena vimepungua kimoja! Jicho likapita, likapita, namba akazijibu kama anamjibu mteja wa chai. Alipomaliza alikuta kifundo chake kimejikunja, kinangoja kuchapwa.

Chumba cha maswali kikafuata. Walikuwa watu watatu mezani, na mmoja, mzee wa miwani, kazi yake ilikuwa kumchoma mtu aone atatoka nini. Kijana mmoja alitoka humo akifuta machozi. Mwingine alitoka akigombana na mlango.

"Wewe unakaanga vitumbua," mzee akasema. "Abiria mia na hamsini wakukabidhi roho zao kwa lipi?"

Mwanjaa akangoja tusi lenyewe lije. Halikuja. Akashangaa: ndiyo hilo tu?

"Mzee wangu," akasema, "waliokula vitumbua vyangu ni wengi kuliko hao, na wote walishuka salama."

Wawili wakacheka, wa tatu akavua miwani. Wakamchoma tena, na tena, kuhusu makosa yake, kuhusu umaskini wa kwao, kuhusu mwanamke na usukani. Akajibu kila moja polepole, moyo umetulia kama maji ya mtungi.

Kwa daktari ndiko alikotaka kuzama. Daktari alimshika viganja, akavigeuza, akaviona vya njano kama embe bivu. "Una homa ya manjano," akasema. "Rudi nyumbani."

"Ni karoti, daktari."

"Karoti za nani?"

Wakamtoa damu, wakamlaza siku nzima kwenye benchi, Mjomba nje anazunguka jengo akisoma dua zote anazozijua na mbili za kubuni. Damu ikaonekana safi. Kidogo tu angekosa, kwa sababu ya karoti.

Majina manane yalipotoka, Mwanjaa alikuwa wa tano. Na karatasi ikasema: siku ya kuwapokea, kila kijana atavishwa kibeji cha mabawa na mtu mmoja, yule aliyemwandaa. Mmoja tu.

Usiku ule walikula pamoja uani, wote watatu na yeye. Mwanjaa, mtoto wa watu, kwa furaha akasimulia kila kitu. Saa sita zile. Mzee wa miwani. Wakacheka, wakapiga makofi. Mjomba akacheka pia, halafu akaacha.

"Na tangi?" akauliza. "Hawakuuliza habari ya juu?"

"Hawakuuliza, mjomba."

"Tairi je?"

"Hapana, mjomba."

Mjomba akatazama wali wake.

Hapo Bi Mwantumu akajifunga kanga. "Basi, jambo limeisha. Mvishaji ni mimi. Nani alimtia macho kichwani? Kijiti changu! Na ukimwita mwingine, Mwanjaa, uani kwangu usikanyage."

"Kijiti chako kilitaka msaidizi, hakikutaka rubani," Mihambo akasema. "Barua uliifukia. Mimi ndiye niliyemkomaza moyo. Wenzake wamelia mle ndani, huyu kacheka. Nani alimzoesha?"

"Wewe ulitukana kwa sababu mdomo wako hauna mlango! Ulijua kama unafundisha?"

"Sikujua," Mihambo akakiri. Kisha akaacha mzaha, na hilo lilikuwa geni. "Lakini alipofiwa na mama yake, ana miaka tisa, hali, hasemi, nani alivaa kanga ya marehemu, akatembea kama marehemu, akamwita, 'Mwanjaa, umekula?' mpaka mtoto akacheka, akalia, akala? Ninyi mlikuwa mnakunja mikeka."

Wakamgeukia Mjomba. Yeye ni ndugu wa mama, na kwetu mjomba ni mama mwanamume. Haki yake ingeweza kuwanyamazisha wote.

Mjomba akanawa mikono. "Mimi nilimwandaa," akasema, "ila nilimwandaa vibaya." Akaenda kulala.

Siku ikafika. Ukumbi umejaa, viti vimevishwa vitambaa kama maharusi. Mjomba amevaa koti la kuazima linalomfika magotini. Mwanjaa hakuwa amemwambia mtu lolote, kwa sababu hata nafsi yake alikuwa hajaiambia. Afisa akatangaza, "Aliyemwandaa Mwanjaa apite mbele!"

Viti vikalia kwa pamoja. Wakasimama watatu.

Ukumbi ukacheka. Afisa akasema, "Wazee wangu, kibeji ni kimoja na kifua ni kimoja." Akamkabidhi Mwanjaa kibeji mkononi. "Mpelekee unayemjua wewe."

Mwanjaa akashuka ngazi. Shangazi ameshika kiuno, lakini jicho halimwachi Mwanjaa. Mihambo anatafuta tusi, halipati. Na Mjomba, taratibu, bila kumtazama mtu, ameanza kurudi kukaa. Mwanjaa akafika mbele yao, akasimama, kiganja kimefumbata pini ya kibeji.

Sasa ninyi mnaonitolea macho, msiningoje mimi. Yuko aliyetaka na asijue: aliuza baiskeli yake, akasadiki peke yake, na karoti zake nusura zimrudishe nyumbani. Yuko aliyejua na asitake: alimpa macho, akamficha barua. Na yuko ambaye hakujua wala hakutaka, alitaka jogoo tu, lakini bila yeye pengine moyo ungevunjika mezani pale, au tangu ana miaka tisa. Na asiniambie mtu "wote watatu". Pini ni moja, na afisa anasubiri.

Je, mkono uliostahili kumvisha Mwanjaa mabawa ni wa nani?