Usiuachie Mkono Kabla ya "Ila"

Mama mwenye mtoto anayelia, kaa, usitoke kanisani. Nitapaza sauti. Na wewe uliyeanza kunusa pilau la jirani, nivumilie kidogo.

Palikuwa na mwanamke mmoja, msomi wa mambo ya anga. Kazi yake ilikuwa kuchunguza mashimo meusi. Shimo jeusi halionekani, wapendwa, linameza hata mwanga. Lakini gesi ya nyota ikivutwa humo, huzunguka kwanza kama maji ya beseni yanavyozunguka kwenye tundu. Hujisugua, huwaka, na kutoa eksirei. Naam, eksirei, hiyo hiyo ya hospitali! Sasa hewa yetu huizuia isifike huku chini, ndiyo maana wataalamu wakarusha darubini juu kabisa, nje ya hewa. Na yule mama alikuwa bingwa wa kusoma picha zake.

Asubuhi moja gesi ya shimo lake mojawapo ikawaka kuliko ilivyowahi kuwaka. Yumo ofisini anashangilia, mara hodi! Ni mdogo wake wa tumbo moja, kitenge kipya, poda imekolea, midomo myekundu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba! Habari za nyumbani?"

"Nzuri, dada. Ila..."

"Ila utanisimulia Jumapili, mama. Njoo uone maajabu! Tazama inavyong'aa!"

Mdogo mtu akatazama kompyuta. "Mbona inang'aa hivyo?"

"Inamezwa. Ikikaribia kabisa kumezwa ndipo inapong'aa zaidi." Kisha akamgeukia akicheka. "Hata wewe umeng'ara leo! Shemeji anakutunza, eti?"

"Ndiyo, dada. Nang'aa," akajibu, akaaga, akaenda zake.

Jua halijatua, simu ikalia. Ilikuwa hospitali. Dada mtu akamkuta mdogo wake kitandani, hajitambui, poda imeoshwa. Lo! Chini ya poda uso ulikuwa umevimba, na alama nyingine zilikuwa za zamani. Daktari akainua picha ya mbavu kwenye mwanga.

"Ubavu huu umevunjika leo. Majirani waliomleta wanasema mumewe amempiga. Hizi nyingine zilivunjika zamani, zikaunga zenyewe. Mama, nyumbani hamkujua?"

Dada mtu akakaa sakafuni. Jamani! Mwanamke anayesoma eksirei za nyota, leo anasomewa eksirei ya mdogo wake. Angemwambia nini daktari? Kwamba alikuwa na kazi?

Mgonjwa alipofumbua macho, dada alikosa pa kuanzia, akauliza tulichozoea kuuliza. "Habari, mdogo wangu?"

"Nzuri, dada."

Hata pale, wapendwa! Na mpira wa hewa puani! Lakini safari hii dada hakuongeza neno. Alivuta kiti, akamshika mkono, akangoja. Akangoja mpaka ile midomo iliyopasuka ikasema, "Ila..."

Sisi ni watu wa salamu, na salamu zetu ni nzuri. Mtu kafiwa na mama yake, ukimwuliza habari atakuambia nzuri, ndipo aongeze, ila tuna msiba. Hiyo ni adabu yetu, wala sikatazi. Lakini hiyo "nzuri" ni kama ile hewa inayozuia eksirei, habari yenyewe iko nyuma yake. Je, ni wangapi tumeichukua "nzuri" tukaondoka? Ni wangapi tumemsifu mtu kwa kung'aa, kumbe anamezwa? Na wewe mume uliyejifanya shimo, uliyekaa hapo umevaa tai, Mungu anakuona bila darubini.

Sasa hivi tutapeana mikono hapo mlangoni. Mwulize mwenzako habari. Akikujibu nzuri, usiuachie mkono.