Sanda za Bwana Shekue

Mtu mmoja alikuwa na viwanda vitatu vya ngozi, katika miji mitatu. Jina lake Shekue. Kila kiwanda kilikaa kando ya mto, na kila kimoja kilimwaga humo kwa mfereji maji yake, meusi, yenye chokaa na dawa kali.

Watu wa mji wa kwanza walimpeleka kwa hakimu, naye akachimba shimo la kuzuia uchafu. Katika mji wa pili wanunuzi walizikataa ngozi zake mpaka mto usafishwe. Akachimba huko pia, huku amenuna. Watu wa mji wa tatu hawakushtaki wala hawakukataa. Walikuwa watu wa adabu, na neno hilo nalitamka kwa uchungu. Shekue aliwatazama, akaona kwamba wanamthamini kuliko wote mtu anayefika msibani. Basi akafika. Kila aliyefiwa aliletewa sanda, mchele na ng'ombe wa matanga. Alikaa mkekani na wafiwa, akalia machozi ya kweli. Wakamwita mtu wa watu. Mfereji wake ukaendelea kumwaga katika mto waliokunywa maji yake, misiba ikazidi, na kadiri ilivyozidi ndivyo sifa zake zilivyokua.

Mjini humo aliishi mjane, Siwazuri, mwenye watoto wawili. Wa kwanza aliharisha damu, akafa. Shekue akaja na sanda nyeupe, nzuri kuliko nguo yoyote aliyopata kuivaa mtoto yule. Siwazuri hakuipokea.

"Bwana," alisema, "nimebaki na mmoja, naye ameanza kuumwa tumbo. Huyu usimletee sanda. Mzibie mfereji."

Pale msibani wazee wakamkemea mjane: asiyeshukuru kidogo, hata kikubwa hashukuru. Wakamwomba mfadhili radhi, wakamsindikiza mpaka kwenye gari lake. Yeye hakukasirika hata kidogo. Alimhurumia mama yule, na Ijumaa akapeleka jora zima la sanda, ili mji usipungukiwe.

Mtoto wa pili alizikwa kabla ya mvua. Kitambaa kilikuwa bora. Shekue alilia tena, na wazee wakambembeleza.

Ninyi mnaonisikiliza, msinitajie Shekue, huyo namjua. Niambieni hili tu: mama alipoomba mfereji uzibwe, ni akina nani waliomziba mdomo?