Chachu na Maji ya Vyombo

Hapo zamani za kale, wanangu, vijidudu walipokuwa na nyumba na mafiga kama sisi, Chachu aliishi na wanawe ndani ya kibuyu cha Mama Nasieku. Alikuwa mdogo, hata ungekodoa macho usingemwona. Mama Nasieku hakumaliza mtindi wake kamwe. Aliacha funda moja chini ili maziwa mapya yapate kuganda. Funda hilo ndilo lililokuwa nyumba ya Chachu.

Asubuhi moja maziwa mabichi yakamiminwa, chururu! Yalitoka kwenye ndoo ambayo haikuoshwa vizuri. Ndani yake akaja Uozo, pandikizi la kijidudu, pamoja na ndugu zake saba.

"Kwenu hampigi hodi?" Chachu akauliza.

"Nimpigie hodi chembe kama wewe? Funga virago utoke!"

Chachu akawatazama wanawe. Aliogopa, tena sana. Nje ya kibuyu kulikuwa na jua kali. Wangekauka wote kabla ya jioni.

"Sikatai, Bwana Uozo. Mafuta yote ya maziwa kula wewe. Niachie utamu tu, niwapikie wanangu leo, kisha tuhame."

"Utamu? Chakula cha watoto hicho! Chukua."

"Na maji ya kuoshea vyombo niyamwage wapi? Kizibo kimefungwa."

"Mwaga humu humu! Unanisumbua kwa maji machafu?"

"Ndugu zako wamesikia?"

"Tumesikia!" wakanguruma wote saba.

Basi Chachu akapika utamu. Wanawe wakala, wakazaa, wajukuu nao wakazaa. Kila mlo ulipokwisha, vyombo vikaoshwa. Chwaa! Chwaa! Nayo maji yale yalikuwa makali kama ndimu, ila Chachu na wanawe walikuwa wameyazoea.

Adhuhuri Uozo akaanza kujikuna.

"We Chachu! Mbona mwili unaniwasha?"

"Ni maji ya vyombo, bwana. Si uliniruhusu?"

"Acha kumwaga!"

"Ala! Niache vyombo vichafu mbele ya wageni? Aibu gani hiyo!"

Chwaa!

Ilipofika jioni maziwa yalikuwa yameganda. Ndugu saba walilala chali, na Uozo hakuwa na nguvu ya kulamba hata tone la mafuta. Akajikokota mpaka kwenye kizibo, akagonga.

"Hodi! Hodi, mama! Nifungulie nitoke!"

"Hodi hupigwa wakati wa kuingia," Chachu akamjibu, akainama kuosha sufuria ya mwisho.

Basi wanangu, yamekwisha ya kibuyuni, na funzo lake ni hili: usimdharau mdogo ndani ya nyumba yake, hujui anamwaga nini.