Madoa Hajashiba Bado

Hapo zamani za kale, wanangu, mbwa alipokuwa na nyumba yake na ufunguo wake kiunoni, Mama Madoa alizaa mtoto mmoja, chotara. Baba yake mtoto alikuwa mbwa mwitu, naye alikuwa safarini. Basi Madoa alikuwa na sikio moja limesimama kama la baba, na jingine limelala kama la mama. Mzuri huyo! Ungemwona ungemtaka.

Kila asubuhi Mama Madoa alikwenda kulinda mahindi nyani wasiyavamie. Nyumbani aliacha paja la nyama, sufuria ya ugali na walezi wawili. Mmoja alikuwa Mjomba Jibwa, kaka yake. Wa pili alikuwa Fisi, aliyejiita baba mdogo wa mtoto, eti kwa sababu aliwahi kuwinda na baba yake mara moja.

Desturi ya pale ilikuwa hivi: mtoto akishasema "nimeshiba," makombo ni ya mlezi. Sasa sikieni walivyoitumia, wale wakubwa wasio na haya!

"Huyu ni damu ya porini," akasema Fisi. "Apewe paja zima, alitafune na mfupa wake!"

"Aa, wapi! Huyu ni mtoto wa nyumbani," akasema Jibwa. "Apewe ukoko, ule mgumu wa chini ya sufuria!"

Paja likawekwa, pu! Ukoko ukawekwa, ko! Maskini, Madoa alikuwa na meno ya utoto, madogo kama punje za mchele. Akiuma huku, anateleza. Akiuma kule, fizi zinamwaka moto.

"Umeshiba, eh?" Fisi akauliza kwa lile sauti lake zito.

Madoa alikuwa mtoto wa adabu, na alifundishwa asing'ang'anie chakula. "Nimeshiba, baba mdogo. Ahsante."

Kwacha! Kwacha! Paja likaisha, ukoko ukaisha, na ugali laini nao ukaisha.

Jioni mama akiuliza, huambiwa, "Mwanao anachagua chakula, dada." Mbavu za Madoa zikaanza kuhesabika, miguu ikamtetemeka, na mama yake akawa analia jikoni peke yake. Mimi nikifika hapa huwa nakasirika kweli.

Lakini jirani yao alikuwa Bi Nguchiro, mdogo, mwepesi, mdomo wake haukai. Alichungulia uani akaona yote. Asubuhi moja alimnong'oneza Madoa neno moja, katika lile sikio lililosimama. Kisha akawaendea wakubwa.

"Shikamooni, mabwana! Jamani, mbona mnakula vikavu hivyo? Mtoto huyu ana kinyaa na vitu laini, hata kugusa hagusi. Chambueni ile nyama muiponde, lowekeni ukoko, tieni mchuzi. Atasema ameshiba kabla hajakaa, nanyi mtakula rojo sufuria nzima!"

Mate yakamtoka Fisi, do, do, do. "Kumbe una akili, bibi!"

Kazi ikaanza. Fisi akaponda nyama kwenye kinu, tu! tu! tu! mpaka mgongo ukamuuma. Jibwa akachanja kuni, akakoroga, akakoroga tena. Harufu ikajaa uani. Wakamjazia Madoa bakuli, wakakaa na vijiko vyao mkononi.

Lwap! Lwap! Lwap! Kitumbo kikawa duara.

"Umeshiba, eh?"

"Bado!" akasema Madoa, akajilaza, akasinzia.

"Amesema nini?" akauliza Jibwa.

"Amesema bado," Bi Nguchiro akajibu kutoka juu ya ua. "Na akiwa bado, hayo si makombo. Mtoto anayekua hula kidogo kidogo, mara nyingi. Ngojeni tu, wakubwa."

Madoa akaamka. Lwap! Lwap! "Bado!" Akacheza na mkia wake. Adhuhuri ikafika, bado. Alasiri ikafika, bado. Matumbo ya walezi yakanguruma, ngruu, ngruu, nao wamekaa vilevile na vijiko vyao.

Mara Mama Madoa akaingia. Fisi akashindwa kujizuia.

"Shemeji, mwambie mwanao aseme ameshiba! Siku zote tunamaliza paja zima kabla ya saa tatu, leo tunakufa njaa!"

Jibwa akamziba mdomo. Alikuwa amechelewa.

"Mnamaliza nini?" akauliza Mama Madoa taratibu, na meno yake yote yakaonekana. "Tokeni! Tokeni nyumbani kwangu!"

Puru puru puru! Walikimbia mpaka bondeni na vijiko vyao mkononi, vikavu.

Mama, mtoto na Bi Nguchiro wakaizunguka sufuria. Ilipobaki tupu, Madoa akacheua, beu!

"Mama, sasa nimeshiba."

Mama yake akacheka, na machozi yakamtoka hapo hapo kwa furaha.

Sufuria yao imekwisha na hadithi yangu imekwisha, wanangu: mtoto hulishwa kwa kadiri ya meno yake, si kwa tamaa ya mlezi.